Kisa cha Ayyuub ('Alayhis-salaam) katika Vitabu vya Mayahudi na Manaswara: Je, Kila Mwenye Msiba Ana Dhambi?

Himdi zote Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake wote.

Amma ba'd,

Kuna maswali mawili yanayotufikia mara kwa mara, na waulizaji wake si wale wale. La kwanza hutoka kwa vijana, hasa wanaosoma au kufanya kazi Bara pamoja na Wakristo: Ayubu anayesomwa katika Biblia ndiye Nabii Ayyuub wetu? Na je, inajuzu kusoma kisa chake huko? La pili huja kwa sauti ya chini, aghlabu kutoka kwa kina mama. Mtoto amezaliwa hawezi kutembea. Mume ametoka kuvua hakurudi. Kisha jirani au wifi, na wakati mwengine hata mtu wa kilemba, akasema neno: "Mungu hamdhulumu mtu, tazameni wenyewe mlifanya nini."

Tumeona tuyajibu pamoja, kwa sababu kitabu cha Ayubu walichonacho Mayahudi na Manaswara karibu chote kimeandikwa kuhusu neno hilo la jirani.

Tutangulize msingi. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameruhusu kuhadithia khabari za Banii Israaiyl, na katika Hadiyth nyengine ametufunza tusiwasadikishe Ahlul-Kitaab wala tusiwakadhibishe. Zote mbili zimo katika Swahiyh al-Bukhaariy. Maulamaa wakafahamu hivi: yanayoafikiana na Qur-aan na Sunnah tunayakubali kwa sababu ya Qur-aan na Sunnah, yanayopingana nayo tunayakataa, na yaliyonyamaziwa tunayaacha yalivyo. Kwa hiyo tunapoeleza hapa kwamba kitabu chao kinasema kadha, tunaeleza kilichoandikwa humo. Si kwamba tunathibitisha kuwa kila neno ni wahyi.

Kitabu chenyewe

Kitabu cha Ayubu kina sura 42. Mwanzo wake na mwisho wake ni hadithi ya kawaida, na katikati, ambako ndiko kurefu zaidi, ni mashairi ya Kiebrania ambayo wataalamu wa lugha hiyo wanayahesabu kuwa magumu kuliko mengi katika Biblia. Mtu huyo anatajwa kuwa wa nchi ya Usi, na Mayahudi wengi wanasema hakuwa katika Banii Israaiyl. Alikuwa na kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe wa kulimia na punda majike 500. Alikuwa na watoto wa kiume 7 na wa kike 3. Kitabu kinamsifu tokea mstari wa kwanza kwamba ni mtu mkamilifu, mcha Mungu, mwenye kujiepusha na uovu. Msomaji ashike hapa, kwani aliyesahau sifa hii hatofahamu lolote linalofuata.

Kisha Shetani anahudhuria mbele ya Mungu na kudai kwamba Ayubu anamcha Mungu kwa sababu tu amepewa; akinyang'anywa, atakufuru. Anaruhusiwa kumjaribu. Siku moja mali yote inaangamia na nyumba inawaangukia watoto wote kumi. Baadaye mwili wake unajaa majipu, anakaa kwenye majivu akijikuna kwa kigae. Mkewe anamwambia amkufuru Mungu afe. Ayubu anakataa.

Picha hii ya baraza na mashindano hatuithibitishi, kwa sababu Qur-aan haikuitaja. Lakini kuna jambo moja katika mpangilio wa kitabu ambalo wengi wanaokisoma hulipita. Msomaji ameambiwa sababu ya mtihani. Ayubu mwenyewe hakuambiwa, si mwanzo wala mwisho. Mpaka kitabu kinamalizika, baada ya kupona na kurudishiwa, hajui kabisa kwa nini yalimpata. Na rafiki zake nao hawajui, ila wao wanadhani wanajua.

Rafiki watatu

Majina yao ni Elifazi, Bildadi na Sofari. Walisikia khabari wakatoka kila mmoja kwao kuja kumpa pole. Walipomuona kwa mbali hawakumtambua, wakalia, wakakaa naye chini siku saba mchana na usiku bila ya kusema neno. Tungesema kwamba taazia yao ingeishia hapo ingekuwa nzuri mno.

Siku ya nane wakafungua midomo. Elifazi alianza kwa upole: lini umesikia asiye na kosa ameangamia? Bildadi akaenda mbele zaidi, akamwambia baba aliyezika watoto kumi kwamba huenda watoto hao walikosa, ndio Mungu akawaacha wachukuliwe na kosa lao. Sofari akasema adhabu iliyompata ni ndogo kuliko anayostahiki. Na Ayubu alipokataa kuungama dhambi asiyoijua, hasira zikapanda. Mpaka ikafika sura ya 22, Elifazi yule yule mpole anamtungia makosa: umewavua masikini nguo zao, umemnyima mwenye kiu maji, umewafukuza wajane mikono mitupu. Hakuna hata moja katika hayo lililotokea. Elifazi hakuwa na ushahidi wowote ila majipu aliyoyaona mwilini mwa mwenziwe. Hoja yake ilikuwa kwamba palipo na adhabu pana kosa, kwa hiyo kosa asilolijua akalijaza mwenyewe.

Tumetua hapa kwa makusudi. Hawa hawakuwa watu waovu. Walimpenda rafiki yao, walisafiri kwa ajili yake, na kila mmoja aliamini kwamba anatetea uadilifu wa Mungu. Walihofu wakikubali kwamba mtu mwema anaweza kuteseka, basi itakuwa wamesema Mungu amedhulumu. Wakaona bora wamdhulumu Ayubu. Huu ndio mlango ambao jirani anaingilia hadi leo, naye pia hudhani anamtetea Mola wake.

Ayubu naye anajibu kwa maneno makali. Analaani siku aliyozaliwa. Anasema waovu anawaona wanazeeka wakiwa na nguvu, nyumba zao zimesalimika, na watoto wao wanacheza ngoma. Anataka kesi yake ifikishwe mbele ya Mungu na apatikane msuluhishi baina yao. Sisi Waislamu maneno ya namna hii hatuyanasibishi kwa Nabii ambaye Allaah Amemsifu kwa subira, na hapa tunatofautiana nao waziwazi. Ila ni insafu kueleza kwamba kitabu chenyewe hakimuhesabu kuwa amekufuru. Analia na kulalamika, lakini siku zote anamlalamikia Mungu kwa Mungu mwenyewe. Hakumgeukia mwengine yeyote.

Jibu linakuja kutoka katika tufani, nalo ni la ajabu, kwa kuwa halijibu kilichoulizwa. Ni maswali juu ya maswali: ulikuwa wapi ilipowekwa misingi ya ardhi? Nani aliyeifungia bahari milango? Je, wewe ndiye unayemuwindia simba, au unayejua mbuzi wa majabalini wanazaa lini? Wala halimuhukumu Ayubu kwa dhambi hata moja. Ayubu ananyamaza na kujidhili. Kisha Mungu anamgeukia Elifazi na kumwambia kwamba Amemghadhibikia yeye na wenzake wawili, kwani hawakusema kweli kuhusu Mungu kama alivyosema Ayubu. Wanaamrishwa wachinje mafahali saba na kondoo dume saba, na Ayubu awaombee. Yaani waliomtetea Mungu kwa kumsingizia mja Wake ndio waliohitaji msamaha, na msamaha huo ukapitia kwa dua ya yule waliyemsingizia.

Mayahudi wenyewe wamehangaika na kitabu hiki karne nyingi. Katika Talmud kuna mjadala Ayubu aliishi zama gani, na mmoja wao akasema hakuwepo kabisa, ni mfano tu uliopigwa. Sa'iyd bin Yuwsuf al-Fayyuumiy, ambaye Mayahudi wanamwita Saadia Gaon, aliyefariki mwaka 942, alikifasiri kwa Kiarabu na tafsiri yake akaiita Kitaabut-Ta'diyl, yaani kitabu cha kuthibitisha uadilifu. Na Musa bin Maymuun, yule tabibu wa Misri aliyefariki mwaka 1204, aliandika kwa Kiarabu kwamba kila rafiki anawakilisha madhehebu ya fikra: Bildadi ni rai ya Mu'tazilah na Sofari ni rai ya Ash'ariyyah! Wanafunzi wa 'ilmul-kalaam watacheka, lakini inaonesha namna mjadala wa qadar na uadilifu ulivyokuwa unavuka kutoka kwa watu hawa kwenda kwa wale, katika miji waliyoishi pamoja wakisema lugha moja.

Zabibu za baba na meno ya mtoto

Mtu anaweza kuuliza: rafiki wa Ayubu waliitoa wapi fikra yao? Waliitoa ndani ya kitabu hicho hicho kwa ujumla wake. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 28 kuna orodha ndefu ya baraka kwa taifa likitii, na orodha ndefu zaidi ya maangamizi likiasi: ukame, maradhi, kushindwa vitani, kuhamishwa. Na katika amri kumi kuna maneno kwamba uovu wa baba unapatilizwa kwa watoto hadi kizazi cha tatu na cha nne. Ukichukua ahadi iliyotolewa kwa taifa zima ukaigeuza kuwa mizani ya kumpimia mtu mmoja mgonjwa, unampata Elifazi.

Lakini ndani ya vitabu hivyo hivyo sauti nyengine ilisimama. Mwaka 586 kabla ya kuzaliwa Nabii 'Iysaa ('Alayhis-salaam) jeshi la Babeli liliuvunja mji wa Quds na Hekalu lake, na watu wakapelekwa uhamishoni huko Iraq. Miongoni mwao ilienea mithali: baba ndio waliokula zabibu chungu, na watoto ndio wanaopata ganzi ya meno. Walikuwa wanasema, sisi tunateseka kwa madhambi ya wazee wetu, hatuna la kufanya. Katika kitabu cha Ezekieli, ambaye alikuwa mmoja wa waliohamishwa, sura nzima ya 18 imewekwa kuivunja mithali hiyo. Mtoto hatobeba uovu wa baba yake, wala baba hatobeba uovu wa mtoto wake. Kila nafsi ina hesabu yake, na muovu akitubu ataishi.

Msomaji wa Qur-aan hapa atasimama, kwa sababu anaijua kauli hii. Imo katika Suwrah Al-An'aam, Al-Israa, Faatwir na Az-Zumar: hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwengine. Na katika Suwrah An-Najm, Aayah ya 36 mpaka ya 38, Allaah Anaeleza kwamba jambo hili lilikuwamo katika maandiko ya Muusaa na ya Ibraahiym ('Alayhimas-salaam). Basi tunapoikuta kanuni hiyo kwa Ezekieli, na tunapoikuta pia katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24 kwamba baba wasiuliwe kwa makosa ya watoto wala watoto kwa makosa ya baba, hatuna sababu ya kushangaa. Qur-aan ilishatuambia kuwa ilikuwamo.

Manaswara walichukua njia yao katika mas-ala haya. Wakitegemea waraka wa Paulo kwa Warumi, wengi wao wameamini kwamba kosa la Aadam liliwaingia wanawe wote. Askofu Augustine, aliyeishi Afrika ya Kaskazini na kufariki mwaka 430 katika mji ambao leo unaitwa Annaba, Algeria, aliona kwamba mateso ya watoto wachanga yanaelezeka kwa dhambi hiyo ya kurithi. Mayahudi hawakuikubali itikadi hiyo, na sisi hatuikubali. Aadam ('Alayhis-salaam) alitubia na Allaah Akamkubalia toba yake, kama ilivyo katika Suwrah Al-Baqarah, na kila mtoto huzaliwa juu ya fitwrah.

Waliokufa kwa mnara

Injili walizonazo Manaswara zina visa viwili ambavyo kijana wetu akiulizwa na rafiki zake wa Kikristo yafaa avijue, kwa kuwa vinamjibu jirani yetu sawasawa.

Katika Injili ya Luka sura ya 13, watu walimjia 'Iysaa ('Alayhis-salaam) na khabari za Wagalilaya waliouliwa na Pilato. Akawauliza kama wanadhani hao walikuwa wenye dhambi zaidi kuliko Wagalilaya wengine. Kisha akaongeza mfano wake mwenyewe: wale watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu wakafa, mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wakaazi wote wa Quds? Akasema hapana, na akawaonya wao wenyewe watubu. Na katika Injili ya Yohana sura ya 9, wanafunzi wake walimuona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza nani aliyefanya dhambi, yeye au wazazi wake. Akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake.

Angalieni namna mazungumzo yanavyogeuzwa. Waulizaji wanataka kumjadili maiti, naye anawarudisha kwenye nafsi zao.

Na sisi tuna Hadiyth iliyo wazi zaidi kuliko hiyo. Al-Bukhaariy na Muslim wamepokea kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amewataja mashahidi kuwa ni watano: aliyekufa kwa tauni, aliyekufa kwa maradhi ya tumbo, aliyezama, aliyeangukiwa na jengo, na aliyeuliwa katika njia ya Allaah. Aliyeangukiwa na jengo yumo, na aliyezama yumo. Watu wa visiwa hivi waliozika jamaa zao wa MV Spice Islander, Septemba 2011, na wa MV Skagit, Julai 2012, na wale ambao hawakupata hata maiti ya kuzika, wamepewa neno hili na Mtume wao. Sasa mtu anapata wapi ujasiri wa kusema kuwa walizama kwa madhambi ya meli nzima, hali Mtume amewataraji ushahidi?

Suala la Aakhirah

Kuna pengo moja katika kitabu cha Ayubu ambalo haliwezi kufichwa. Kufufuliwa hakutajwi waziwazi. Ayubu anauliza kama mtu akifa ataishi tena, lakini mashairi yake kwa jumla yanaiona kaburi kama mahali pasiporudiwa. Uko mstari katika sura ya 19 ambao Manaswara huufasiri kwa ufufuo, lakini Kiebrania chake kigumu na watu wamekhitalifiana. Kwa hiyo kitabu kikalazimika kumalizia hesabu yote hapa hapa duniani: Ayubu anarudishiwa kondoo 14,000, ngamia 6,000, jozi 1,000 za ng'ombe na punda majike 1,000, kila kitu mara mbili, na anazaa tena watoto saba wa kiume na watatu wa kike. Mzazi yeyote aliyefiwa anajua kasoro ya hesabu hii. Kondoo hulipwa kwa kondoo, lakini mtoto halipwi kwa mtoto mwengine.

Inaonekana hata watu wa kale walilihisi jambo hilo. Kitabu kilipofasiriwa kwa Kigiriki, kabla ya Uislamu kwa karne nyingi, mwishoni kuliongezwa sentensi kwamba imeandikwa Ayubu atafufuka pamoja na wale ambao Bwana atawafufua. Sentensi hiyo haimo katika Kiebrania. Kitabu cha Danieli sura ya 12 kinataja waziwazi kwamba waliolala mavumbini wataamka, wengine kwa uhai wa milele na wengine kwa aibu. Na Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao na Waprotestanti hawana, kina kisa cha mama na wanawe saba walioteswa hadi kufa na mfalme Antiochus kwa kukataa kula nguruwe, nao wakafa wakitaja kufufuliwa. Hata hivyo mpaka zama za 'Iysaa ('Alayhis-salaam) palikuwa na kundi la Mayahudi, Masadukayo, lililokanusha ufufuo.

Katika Qur-aan, Aakhirah haikuachwa iwe nyongeza ya mwisho. Kila mtihani unaotajwa umeshikamana na Siku ya Hesabu. Kuhusu Nabii Ayyuub, Qur-aan inasema alirudishiwa ahli zake na mfano wao pamoja nao. Baadhi ya mufassiruun wamesema alihuishiwa wale wale waliokufa, na wengine wakasema wa mwanzo amewekewa Aakhirah na akapewa mfano wao duniani. Kwa kauli zote mbili, waliokufa hawakubadilishwa kama mifugo. Bado ni watoto wake.

Ayyuub katika Qur-aan na Sunnah

Tukija kwenye swali la kwanza: naam, anayekusudiwa ni mmoja. Lakini angalieni uchache wa maneno. Suwrah Al-Anbiyaa imemtaja kwa Aayah mbili, ya 83 na 84, na Suwrah Swaad kwa Aayah nne, kuanzia 41. Anamwita Mola wake, anataja kuwa dhara imemgusa, kisha anataja kwamba Allaah ni Mwenye kurehemu kuliko wote. Hata kuomba hakusema "niponye". Anaamrishwa apige ardhi kwa mguu, yanatoka maji baridi ya kuoga na kunywa. Kisha anasifiwa kwa subira, kuwa mja mwema, mwingi wa kurejea kwa Mola wake.

Zile hadithi za mafunza yaliyokuwa yakitoka mwilini mwake na kutupwa jalalani, ambazo tumezisikia katika mawaidha tangu utotoni, hazina asili sahihi. Qaadhi Abu Bakr Ibnul-'Arabiy, Mwanachuoni wa Kimaliki aliyefariki mwaka 543 Hijriyyah, amesema hakuna lililosihi kuhusu jambo la Ayyuub ila lililomo katika sehemu hizo mbili za Qur-aan, na kutoka kwa Mtume hakusihi ila Hadiyth ya kuoga kwake, alipoangukiwa na nzige wa dhahabu akawa anawakusanya katika nguo yake. Hiyo ameipokea al-Bukhaariy.

Iko nyengine kutoka kwa Anas (Radhwiya Allaahu 'anhu), ameipokea Ibn Hibbaan, kwamba mtihani wa Ayyuub ulidumu miaka 18. Ibn Kathiyr ameona kuinasibisha kwa Mtume ni jambo geni mno, na al-Albaaniy ameisahihisha. Tunaitaja kwa tahadhari hiyo. Inaeleza kwamba watu wote walimkimbia isipokuwa ndugu wawili waliokuwa wakimtembelea asubuhi na jioni. Siku moja mmoja akamwambia mwenziwe: Ayyuub lazima amefanya dhambi ambayo hakuna aliyeifanya, vipi miaka 18 Mola wake asimrehemu? Mwenziwe hakuweza kuvumilia, akamfikishia Ayyuub. Naye akajibu kwamba halijui hilo analolisema, ila Allaah Anajua kuwa alikuwa akipita kwa watu wawili wanaogombana wakiapa kwa jina la Allaah, akirudi nyumbani akiwatolea kafara wao, kwa kuchukia jina la Allaah litajwe pasipo haki.

Neno ni lile lile la Elifazi. Na hapa limetoka kwa mtu aliyekuwa akija kumtazama mgonjwa kila siku, kutwa mara mbili, wakati ambapo wengine wote wameshakimbia.

Na Aayah ya Suwrah Ash-Shuwraa?

Wapo watakaosema: mbona Allaah Amesema katika Suwrah Ash-Shuwraa, Aayah ya 30, kwamba msiba wowote unaotupata ni kwa yale yaliyochumwa na mikono yetu, na Yeye Anasamehe mengi? Ni kweli, na hatuipunguzi Aayah hiyo. Madhambi yana athari duniani kwa mtu na kwa umma. Lakini Manabii wamepata mitihani, na Hadiyth ya Sa'd bin Abiy Waqqaasw aliyoipokea at-Tirmidhiy inasema wao ndio wenye mitihani mizito zaidi kuliko watu wote, kisha wanaowafuatia kwa wema. Watoto wanapata maradhi nao hawajaandikiwa dhambi hata moja. Kwa hiyo Aayah haimaanishi kwamba kila anayeteseka anaadhibiwa. Na hata pale inapomhusu mtu, inamsemesha yeye ajitazame nafsi yake. Haikumpa jirani kazi ya upelelezi. Elimu ya kwamba msiba huu ni kwa dhambi ile ni katika ghayb, na asemaye bila ya elimu ameingia katika kumzulia Allaah.

Kwa watu wa bahari uko mfano ulio karibu zaidi, katika Suwrah Al-Kahf. Masikini waliokuwa wakifanya kazi baharini walikuta chombo chao kimetobolewa. Waliovyokiona siku ile ilikuwa ni hasara tupu. Qur-aan ndiyo iliyotujuza kwamba mbele yao palikuwa na mfalme anayepora kila chombo kizima. Aliyekitoboa alijua kwa kufunzwa na Allaah, na Muusaa ('Alayhis-salaam) mwenyewe, pamoja na daraja yake, hakujua mpaka alipoelezwa.

Basi tunamjibu mama aliyetuandikia kuhusu mtoto wake. Mtoto wako hana dhambi, kalamu imeondolewa kwake mpaka abaleghe. Wewe hukubebeshwa kosa la mtu, wala yeye hakubebeshwa lako. Kila taabu unayoipata kwa kumuogesha, kumbeba na kukesha naye inaingia katika Hadiyth waliyoipokea al-Bukhaariy na Muslim, kwamba Muislamu hapatwi na tabu wala huzuni, hata mwiba unaomchoma, ila Allaah Humfutia kwayo makosa yake. Ukiwa unajua nafsini mwako dhambi ulioifanya, tubia kwayo kama anavyotubia kila mtu, bila ya kuifunga na ulemavu wa mwanao. Ambaye amekwambia neno lile ana wajibu wa kukutaka radhi. Na ukitaka kumuombea msamaha, hilo ni juu yako, na ni fadhila.

Ama kijana aliyeuliza kuhusu kusoma: mwenye msingi wa 'aqiydah yake, anayesoma ili ajue walichonacho watu na aweze kujibu kwa insafu, hana ubaya kwa sharti tulizozitaja. Ambaye bado hajakamilisha hata tafsiri ya Suwrah Swaad, aanze nayo hiyo kwanza, kwa Mwalimu.

Wa Allaahu A'lam.